Gesi ya Kumfikisha Mama Kirungu

Mama alikufa Kalemie wakati wa joto kali, na joto ndilo alilolichukia maisha yake yote. Alikuwa mtu wa Kirungu, kule milimani, ambako watu hulala na blanketi mbili. Alipoona anakwisha, alimwapisha Baba amzike huko, kwenye udongo wa baridi, karibu na watu wake. Baba akaapa. Kuapa ni rahisi ukiwa umeshika mkono wa mgonjwa.

Wenye mitumbwi ya injini walikataa kumpeleka. Ziwa halipendi maiti, walisema, na hakuna aliyebishana nao. Nyumba ya maiti haikuwa na umeme. Likabaki gari la baba mdogo, mfanyabiashara aliyelivusha kutoka Kigoma na kujisifia nalo mji mzima. Lilikuwa na klima, mashine ya kupuliza baridi, ila gesi yake ilikuwa imevuja. Ijazwe gesi, akasema, madirisha yafungwe, na Mama atasafiri kama samaki kwenye barafu. Kama samaki! Alilisema mbele ya wadogo zangu, na sijamsamehe neno hilo.

Fundi wa frigo, yaani majokofu, akaja na chupa ya gesi ya zamani, ile ya frigo za nyumbani. Alipoinua kapo, kifuniko cha injini, akakuta mdomo wa kujazia haulingani na mpira wake.

"Papa, hii gari iko mupya," akamwambia Baba. "Inaomba gaz ya mupya. Mafuta ya kompresa yake haipatane na hii yangu. Walibadilisha mudomo makusudi, muntu asichanganye."

"Hiyo gaz ya mupya iko wapi?"

"Labda Kigoma. Labda Lubumbashi."

"Gaz njo gaz, yote ni moja!" baba mdogo akadakia. "Artikle kumi na tano!"

Hicho kilikuwa kifungu cha sheria kisichoandikwa popote, na kila raia wa Zaire alikijua: jipange mwenyewe. Nchi nzima tuliiendesha hivyo, kipuri cha huku kwenye mashine ya kule, na mara nyingi kilikubali. Fundi akamtazama Baba. Baba akatazama mlango wa chumba alimolala Mama. Mfa maji haachi kutapatapa.

"Tia," akasema.

Fundi akapiga tupa kipande cha shaba mpaka kikaingia. Na baridi ikaja, Mungu wangu, ikaja kweli! Baba aliweka kiganja penye upepo ule akalia kwa furaha, na mimi niliyekuwa nimekasirika nikalia naye.

Tuliondoka asubuhi, shangazi zangu wamejifunika vitenge, meno yakigongana, huku watu wa njiani wakitoka jasho. Tuliimba nyimbo za kanisani. Njia ilipoanza kupanda, gari likijikokota kati ya mashimo, kitu kikaanza kusaga chini ya kapo, kisha ukatoka moshi wa mpira. Kompresa ilikwama, ikaukata mkanda, na mkanda huohuo ndio uliozungusha pampu ya maji ya injini. Hatukupoteza baridi tu, tulipoteza gari. Laiti tungesafiri na joto letu, madirisha wazi, pua tumeziba, Mama angefika. Wazo hilo limenila miaka yote.

Tulingoja lori, halikupita. Kesho yake mchana hata shangazi hawakukaa tena karibu na gari. Baba mdogo alikaa mbali, ametupa mgongo. Watu wa kijiji cha jirani, ambao hatukuwajua, wakatuazima majembe na kutupa nafasi kando ya shamba la mihogo. Udongo ulikuwa na joto. Baba alimshusha Mama humo.

Mimi na Baba tukaendelea kwa miguu, maana habari ya kifo ilikuwa imetangulia na kaburi la Kirungu lilikwisha kuchimbwa. Tulifika ukungu umelala. Bibi, mama yake Mama, alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo. Baba akapiga magoti akamweleza yote, hata gesi. Gesi hakuielewa. Nilikuwa natetemeka kwa baridi, baridi ya bure, imejaa kila mahali.

Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, litaita mwingine. Wazee wakaleta shina la mgomba, wamelivika sanda, wazike hilo badala yake. Bibi akawazuia kwa mkono.

"Mimi sikuzaa mugomba," akasema. "Mufukie hivi hivi."

Watu wakaangaliana. Baba ndiye aliyechukua jembe, akaanza kulifukia kaburi tupu.