Magamba ya Samaki wa Shangazi

Juzi nilirudi mjini kwetu Baraka, na kabla sijaliona ziwa nikanusa rangi ya mafuta. Kijana mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya duka, akichora samaki kwenye bati. Unajua mambo ya uzee, rafiki yangu: umetoka kununua sabuni, unajikuta umeketi kwenye kigoda cha mtu, unacheka peke yako. Samaki wa namna hiyo nilimjua miaka ya hamsini, nikiwa mtoto asiye na meno ya mbele.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo. Kwetu msichana akichumbiwa, ukuta wa mbele ulikandikwa upya, naye mwenyewe akauchora kabla wakwe hawajafika. "Ukuta ni mikono ya binti," nyanya alizoea kusema. Yeye alikuwa bingwa: udongo mweupe wa mtoni, udongo mwekundu, makaa ya kusaga, vyote kavikoroga na maji ya mgomba ili vinate. Halafu vidole tu, ukuta ungali mbichi, rangi ikauke pamoja nao. Sisi watoto tulifukuza mbuzi, maana mbuzi walipenda kuyalamba yale mapambo. Shuleni mwalimu alituchorea ndege wa chaki, wazuri kweli, lakini ikifika saa sita kitambaa kimeshawafuta. Rangi za nyanya zilivuka mvua nzima.

Sasa, shangazi yangu. Alipika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, mpaka majirani wakajialika. Alilima, alishona. Lakini kuchora, hapana. Mstari wake ulianzia mlangoni, mwisho wake anaujua Mungu. Na mama wa mchumba wake, huko Swima, alisifika kwa kukataa wasichana walioletwa na wanawe. Shangazi alimpenda sana yule kijana. Kadiri siku ilivyokaribia, chakula kilimshinda.

Siku moja kabla ya wakwe kuja, ukuta umeshakandikwa na nyanya akiwa shambani, shangazi akamwendea jirani yetu, mchoraji wa mabwato ya wavuvi. Jirani akaja na kopo la buluu na pinso yake, brashi ya manyoya. "Rangi yangu haiogopaki maji," akatuambia. "Bwato inakaa mu ziwa mwaka muzima na rangi haitoke." Akachora samaki mkubwa toka mlangoni hadi dirishani. Mimi na shangazi tulicheza ngoma pale uani.

Asubuhi tulimkuta samaki amebabuka. Bwato hupakwa likiwa kavu, na ukuta wetu ulikuwa bado na maji ndani. Maji yalitafuta njia, rangi ikavimba na kudondoka vipande vipande. Shangazi akakaa chini, akalia. Nami nikalia, maana niliona arusi inakwenda, pamoja na mchele wake.

Nyanya akashika kiuno, akatazama, akacheka. "Lia umalize, kisha unawe mikono," akamwambia. "Udongo mweupe iko hapa. Kila fasi rangi imetoka, weka kidole gumba."

Shangazi akachovya gumba, akabandika. Kila palipobabuka pakawa gamba. Gamba hapa, gamba pale, na gamba halihitaji mstari ulionyooka. Kufika adhuhuri samaki alikuwa na magamba meupe mwili mzima.

Mama mkwe alikuja, hakuketi, akaenda moja kwa moja ukutani. "Nani alichora hii samaki?"

Shangazi angeweza kudanganya. "Mama, kichwa na mukia ni ya jirani," akasema. "Magamba ni ya mikono yangu."

Yule mama akalitazama gumba jeupe la shangazi. "Mi ukuta yangu ilichorwa na dada yangu," akasema. "Mama mukwe yangu alikufa bila kujua." Akachovya gumba lake katika bakuli la udongo, akaongeza gamba moja karibu na jicho. Basi, mchele ukapakuliwa, nami nilikula mpaka nikalala mkekani.

Leo pale uani kuna nyumba ya matofali na saruji, nzuri, siisemi vibaya. Lakini hakuna anayechora ukuta ungali mbichi. Nyanya, shangazi, mama mkwe, wote wamekwenda, nami nawakumbuka kwa uchungu nikipita pale.

Kijana wa bati alipomaliza, nikamwambia samaki wake amepungukiwa gamba moja, karibu na jicho. Akacheka, akanipa pinso. Nikamrudishia, nikachovya gumba katika buluu yake. Mpaka sasa ninapokusimulia, ukucha wangu ni wa buluu, na sina haraka ya kuusugua.