Kijana Aliyeteseka Akiwa Ameshiba

Nilipokuwa na miaka ishirini na saba niliandika riwaya. Niliiandika hapa Bunia, katika nyumba ya mama yangu, kwenye meza ya mama yangu, nikiwa nimeshiba bugali ya mama yangu, na ilihusu kijana anayeteseka peke yake duniani.

Kijana huyo alikuwa na diploma kama mimi, na hakuwa na kazi kama mimi. Sura ya kwanza anaangalia mvua dirishani. Sura ya pili mvua imeacha, naye anaangalia matope. Mjomba wake anamwitia kazi dukani kule Iga Barrière. Anakataa, kwa sababu roho yake ni kubwa kuliko mifuko ya saruji. Msichana mmoja anampenda, naye anamwacha kwa barua ya kurasa sita. Niliandika: "Msichana akalia," nukta, tukarudi kwa kijana. Mambo hayo yote yalikuwa yamenitokea, isipokuwa barua. Mimi niliacha tu kupokea simu.

Daftari zilipofika nne nilizipeleka karibu na soko, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na kachumba ka kompyuta, mahali watu wanapochapisha barua za kuomba kazi na matangazo ya kilio.

"Ni kitu gani hii?" aliniuliza.

"Ni roman, Mama."

"Iko na mapenzi?"

"Iko na mawazo."

Aliniangalia juu ya miwani. "Acha hapo, papa. Urudie kisha wiki tatu."

Niliporudi nikakuta kurasa zimechapwa safi na kufungwa vizuri. Sikuzisoma. Kwa nini nizisome? Nilizijua kwa kichwa. Jumapili ile vijana wa parokia walikuwa wametayarisha michezo na nyimbo baada ya misa ya pili, nami nikaomba dakika ishirini. Ukumbi ulijaa watu waliokuja kuona wachezaji. Mama yangu alikaa mstari wa mbele na kitambaa kipya kichwani.

Mvua niliisoma vizuri sana. Watu walipiga miayo kwa heshima. Kisha nikafika pale kijana anapoinuka mezani akiwa amelemewa na maisha, nikasoma kwa sauti nzito: "Akainuka, akaiacha sahani palepale, maana alidhani sahani zinarudi jikoni zenyewe."

Nikasogeza karatasi karibu na macho. Sikuwa nimeandika hivyo. Ukumbi ukacheka. Nikaruka mistari ili nitoke hapo, nikaangukia pabaya zaidi: "Mama yake, aliyeamka alfajiri kuteka maji ambayo kijana alinawia uso wake wenye huzuni, hakusema kitu."

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mwingine akaita, "Ule kijana, miye namujua!"

Ingefaa nishuke. Lakini walikuwa wananipigia makofi, na sikuwa nimepigiwa makofi tangu nizaliwe, kwa hiyo nikaendelea na jasho langu. Hata msichana hakulia tena. Alisoma barua mpaka ukurasa wa pili, akaitumia kuwashia makaa. Mama yangu alicheka mpaka kitambaa kikaanguka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba afe.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mjane, nimekasirika.

"Mama, umeharibu kitabu yangu!"

"Siye tunachapa na tunakosoa makosa. Iko imeandikwa ku mulango."

"Makosa gani?"

"Ule kijana anakula mara kumi na moja. Hakuna hata mahali moja mutu anapika. Niliwaza weye ulisahau."

Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo fasihi. Akaniuliza kama nilikuwa nimekula asubuhi ile. Nikasema ndiyo.

"Nani alipika?"

Nikabeba kurasa zangu nikatoka.

Nyumbani nilichukua kalamu nikafuta kila sentensi yake. Kilichobaki nikamsomea mama yangu akiwa anachagua maharagi. Sura ya pili, matope yalipoanza tu, alikuwa amesinzia na ungo mapajani. Nikamgusa bega.

"Soma pale pa makaa," akasema.

"Nimepafuta, Mama."

"Basi uniache nichague maharagi yangu."

Nilikaa uani nikampigia simu yule msichana wa kweli. Ilikuwa imepita miaka miwili. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha, mazuri, yenye majuto.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Nikajitaja. Akafikiri kwa muda mrefu, kweli kweli, kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Ah! Weye! Hapana, kama ni mambo yetu ya zamani, ile iliisha. Niko naosha mutoto, maji inapoa." Akakata.

Hilo liliniuma kuliko kicheko cha ukumbi mzima. Nilikuwa nimemwandikia machozi kitabuni, naye hakukumbuka hata sauti yangu.

Riwaya haikutoka popote. Sasa nafundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi, nimepanga chumba, napika bugali yenye madonge, naila, naosha mwenyewe sungunia niliyopikia huku nikinung'unika. Nakala moja, ile yenye sentensi zake, mjane aliibakiza. Umeme ukikatika anawapa wateja waisome wakingoja. Juzi nilikwenda kufotokopi mitihani ya darasa langu, nikamkuta mteja akimwuliza mjane ataandika kitabu kingine lini. Mjane akapokea sifa zote bila aibu, wala hakunitazama. Nikasimama kwenye mstari, nikangoja zamu yangu.