Kuonjesha Mafuta Nkuhungu

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, mafuta ya kula yaliingia Dodoma kwa chapa nyingi kuliko masufuria tuliyokuwa nayo. Kampuni moja ilinitoa kwenye kuuza mitumba, ikanipa kazi ya majaribio: niwaulize akina mama wanayaonaje mafuta yake mapya. Bosi alisema ripoti ikimpendeza ataniajiri moja kwa moja. Ajira ile niliitaka, nisidanganye.

Siku ya kwanza, sebuleni kwa mama mmoja wa Nkuhungu, tuliwakaribisha majirani zake kwa maandazi yaliyokaangwa kwa mafuta hayo. Nuseni, onjeni, semeni. Wakanusa, wakaonja, wakasema, "Mazuri." Nilizihesabu "mazuri" zao mara mbili, na mara zote mbili zilizidi maandazi yaliyoliwa.

Hapo nikaona tulipokosea. Tumewafanya wageni! Nani kwetu anamkosoa mwenye nyumba huku kashika andazi lake?

Kesho yake sikupika kitu. Nilipanga chupa mezani, nikakaa nyuma yake kama niko gengeni.

"Haya mama zangu, leo nauza."

Bibi mmoja aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama, macho kwenye chupa. Akamimina tone kiganjani, akasugua, akanusa.

"Mjukuu wangu, haya yalilala stoo moja na sabuni?"

"Mapya hayo, bibi."

"Mapya kwako." Akalamba. "Yanaacha utando ulimini, kama nimelamba mshumaa."

"Basi shusha bei, tukawashie taa!" akadakia jirani yake.

Walicheka mpaka khanga zikawavuka. Mimi niliandika neno kwa neno.

Bosi aliisoma ripoti yangu ofisini kwake Makole, kalamu mkononi.

"Mshumaa? Nimekutuma utafiti, wewe umefungua gulio. Futa, andika ladha yake ni ya kipekee."

"Hakuna aliyesema kipekee."

"Dada, kazi unaitaka?"

"Naitaka."

"Basi futa."

Nimepatana bei na watu wa kila aina, na changu nakipunguza nikiombwa vizuri. Mshumaa ulikuwa wa bibi. Niliweka sahihi chini ya kila karatasi, kwa wino, nikamsukumia.

"Kazi hamna," akasema.

"Sawa. Ila utakayemtuma tena, mwambie asiwapikie. Watamsifia mpaka mafuta yakugandie stoo."