Kisiwa Kisicho na Migodi

Siku moja ya usichana wangu naikumbuka mpaka leo, mwanangu Ilunga, kwa sababu siku hiyo nilijibu upuuzi kwa sauti kubwa, tena nikiwa nimesimama. Nilikuwa nasoma Moba kwa masera, ndivyo tunavyowaita watawa wa kike huku kwetu. Mmoja wao alitoka Japani, jina lake Masera Keiko, mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo. Alituuliza kwa nini injini za boti hapa ziwani, na redio za baba zetu, zote zinatoka kwenye visiwa vya kwao vidogo hivyo. Nikanyoosha mkono kabla ya wenzangu. Nikasema nchi yao lazima ina migodi kupita Katanga nzima.

Usinicheke. Hapa kwetu mtoto akisikia muntu ni tajiri, anauliza shimo lake liko wapi. Masera naye hakunicheka. Alisema kwao ni milima na matetemeko, chuma wananunua, mafuta wananunua, hata chakula kingi wananunua. Kisha akafuta ubao tukaendelea na hesabu. Mimi sikumwamini hata kidogo, nilidhani anaficha migodi yao.

Nakuambia haya kwa sababu nasikia unakwenda Manono kuchimba. Na najua sababu. Yule mvuvi ameikataa helisi ya injini uliyomtengenezea, anasema inatikisa boti yake, na wenzako sokoni wamekucheka. Basi weka simu chini, nisikilize.

Muhula ulipoisha, Papa wangu, babu yako, alikuja kutuchukua kwa boti yake, sisi wanafunzi wa Kalemie, na Masera Keiko akapanda nasi kwa shughuli za parokia. Karibu na Zongwe, Papa alisogea mno ufukweni akikwepa mawimbi, na injini ikagonga jiwe. Helisi, ile inayozunguka majini na kusukuma boti, ikavunjika mabawa yote isipokuwa moja. Boti ya jirani ndiyo iliyotuvuta kwa kamba mpaka nyumbani.

Tulipofika alimwambia Mama kwamba anauza injini na kwenda Manono. Helisi mpya ilikuwa ya kuagiza Kigoma, na Kigoma nao walikuwa wakingoja mzigo kutoka Japani. Zilikuwa siku za mbalamwezi, boti zote zimepumzika, kwa maana ndagala, hawa dagaa wetu, hawafuati taa mwezi ukiwaka. Lakini giza likirudi na boti yetu iko mchangani, wavuvi wake wangehamia kwa tajiri mwingine, na hapo Papa angekuwa na mbao tu. Mimi nilijifungia chumbani nikalia. Mdogo wa Papa alikwenda machimboni hivyo hivyo, akiwa na hasira, na mpaka leo hatujui amelala wapi. Niliogopa Papa naye asirudi.

Masera alikuwa amekuja kumsalimia Mama, akasikia yote. Akauliza nani mjini anayeyeyusha madini. Mama akasema yuko Papa Kasongo tu, anayemimina sufuria. Masera akasema twende kwake, akatangulia yeye kana kwamba njia anaijua.

Papa Kasongo hakuwahi kumimina helisi, na alisema hivyo waziwazi. Lakini alikubali kujaribu, kwa sharti tumletee helisi nzima ya kuchukulia umbo. Na hapo ndipo mbalamwezi ilipotufaa, mwanangu. Siku za giza hakuna mwenye boti anayekuazima helisi yake hata ukimpigia magoti. Siku za mbalamwezi imelala tu bila kazi. Tuliazima ya jirani yule aliyetuvuta, kwa ahadi kwamba itarudi kabla ya giza. Papa Kasongo akaikandamiza kwenye kasha la mchanga mpaka umbo likabaki, akayeyusha sufuria kuukuu pamoja na vipande vya helisi yetu, akamimina.

Ya kwanza ilitoka na vitundu mwili mzima, maana mchanga ulikuwa umeloa mno. Tukaivunja. Iliyofuata ilitoka nzima na inang'aa, na Papa wangu, aliyekuwa amekaa pembeni amenuna, akasimama kwa mara ya kwanza. Tulikwenda kuijaribu majini. Boti ilikwenda, lakini ilitetemeka mpaka meno yaligongana. Masera akaomba tuizime injini. Bawa moja lilikuwa nene kuliko mengine.

Papa akasema, "Masera, kwetu huku, hii njo inatosha."

Masera akamwangalia. Nilimwogopa siku ile, nakuambia kweli. Akasema, "Papa, ziwa halijui kwenu wala kwetu. Irudi motoni."

Papa alikasirika. Alimwambia yeye ni mgeni, kwao kila kitu kiko rahisi. Ndipo Masera akaketi kwenye ukingo wa boti, akatueleza, polepole, kwa Kiswahili chake cha Moba. Baba yake alikuwa na karakana ndogo kama jiko la Mama, akitengeneza springi, springi tu, maisha yake yote. Jirani yake alitengeneza skrubu. Kiwanda kikubwa kilinunua kwao wote. Springi moja mbovu ikipita, kiwanda hakirudi kwake, na mlo wa jioni haupo. Akasema hakutaka tuwaonee wivu, maana baba yake alifia kazini akiwa bado kijana, na vijiji vya kwao vinabaki na wazee wanaokula peke yao. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Ninyi mkiharibu, mnasema tutachimba tena. Sisi hatuna shimo la kurudia. Tuna kurudia kazi tu."

Papa akashuka majini. Halafu yeye mwenyewe akaifungua ile helisi na kuibeba begani mpaka kwa Papa Kasongo. Iliyotoka safari hiyo tulipokezana kuipiga tupa, Papa, Kasongo na mimi, mpaka mabawa yakalingana. Helisi ya jirani ilirudi kwake kama tulivyoahidi. Giza liliporudi boti yetu ilikuwa majini na watu wake wote ndani yake, na Papa hakutamka tena jina la Manono. Alizeekea ziwani, akafia kitandani kwake, tukamzika sisi watoto wake. Mimi nilibaki kwa Papa Kasongo kila likizo, na hii kazi ninayokufundisha nilianzia pale.

Sasa mimi nasema wazi, Ilunga. Jiwe la Manono linatoka kwetu likiwa jiwe, linavuka maji, linarudi likiwa simu hiyo mkononi mwako, na katikati hapo ndipo wenzetu wanapokula. Hicho cha katikati si uchawi. Ni muntu aliyekataa kusema inatosha. Sikukatazi kuchimba, wachimbaji ni watu wa heshima na jasho lao ni la kweli. Ninachokukataza ni kukimbia kitu ulichokitengeneza vibaya. Kesho nenda kwa yule mvuvi, mwambie mama yako amekutuma uichukue helisi, uivunje, uimimine upya. Ikitikisa tena, vunja tena. Wakikucheka, waache wacheke, wewe piga tupa. Na ukishajua, fundisha mwingine, maana fundi mmoja peke yake hawezi kulisha mji.

Mungu akulinde na moto na maji, mwanangu. Akupe hasira ya kurudia na subira ya kumaliza. Na siku utakapotoka Kalemie, kama utatoka, utoke ukiwa fundi.