Joanitha wa Ihanda na mizani aliyoifuta kwa mkono wake

Nikiwasimulia watu habari hii pale stendi wanacheka, wanasema nimetunga. Sijatunga, jamani! Nilikuwepo Ihanda, simu mkononi, sauti zao nimezirekodi. Na bado nikizisikiliza peke yangu natikisa kichwa.

Saa mbili asubuhi. Joanitha Kokuhirwa amekaa kwenye kibaraza cha duka lake la kutengeneza simu, hapa Ihanda, wilayani Karagwe. Kompyuta iko mapajani. Mguu mmoja unatikisika haukomi. Mteja anafika na simu iliyopasuka kioo, anasalimia, Joanitha anaitikia bila kuinua macho.

“Iache hapo, baba. Leo kichwa changu hakipo.”

Kichwa kimeenda wapi? Kimeenda kwenye folda.

Joanitha ana miaka thelathini na moja. Simu ndizo zinazomwekea ndizi mezani, lakini ana kazi nyingine ambayo majirani zake hawaijui hata jina. Anapanga draiva. Draiva ni kipande cha programu kinachoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa: printa, kamera, kipaza sauti. Ziko maelfu, zimekaa ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta ambao ni wa watu wote. Yeyote duniani anaweza kuusoma, kuutumia bure, hata kuurekebisha, wenzake wakikubali.

Na kitu cha wote unakijua wewe mwenyewe. Kinarundikana. Draiva ya printa imewekwa kwenye folda ya kamera. Nyingine imeandikwa mara mbili. Nyingine aliyeiandika alishaondoka zamani, hakuaga. Joanitha ndiye anayeingia humo kusafisha. Hii aihamishie kule, hizi mbili aziunganishe, ile iliyokufa aitoe.

“Nilijifunza kwa mama,” anasema. “Kibanja usipokipunguza hakizai. Mgomba ukishatoa mkungu unaukata, machipukizi yapate nafasi. Na kule nafanya hivyo hivyo.”

Alifanya vizuri mpaka wakubwa wa mradi wakamwona. Msimamizi wake, mama mmoja wa mbali huko anayeitwa Marit, alimwandikia kwamba toleo jipya la mfumo likitoka salama watampa mkataba, awe mlinzi wa folda nzima, kwa malipo. Joanitha aliusoma ujumbe ule akiwa amesimama, akaketi, akausoma tena.

Sasa hapa ndipo mambo yanapoanza kunitisha.

Katika usafi wake alikuta draiva moja ya zamani. Jina lake ni herufi na namba tu, haisemi ni ya kifaa gani. Mwenyewe hayupo. Utaratibu wao ni kwamba kabla ya kufuta unauliza kwenye mtandao wa watengenezaji: kuna anayeitumia? Joanitha akauliza. Akasubiri wiki nyingi. Kimya. Akaifuta, na Marit akamsifu kwa kazi safi.

Kisha msimu wa kahawa ukafika.

Siku ya ununuzi, kompyuta ya chama cha wakulima ikagoma kuwaka. Na pale chamani uzito hauandikwi kwa mkono. Wakulima walishapunjwa sana huko nyuma, wakakataa. Mizani lazima ipeleke uzito wenyewe kwenye kompyuta, risiti itoke, mkulima aisome. Kompyuta haipo, basi hakuna kununua. Magunia yamepangwa mpaka barabarani, na upande wa Kanoni wingu jeusi linakuja.

Melkiory, karani wa mizani, akampigia simu Joanitha. “Dada, njoo na ya kwako! Haraka, waitu, nakuomba, mvua hiyo!”

Akapanda bodaboda akaja. Kompyuta yake ilikuwa na lile toleo jipya, la majaribio. Akachomeka waya wa mizani.

Hakuna kitu.

Akachomoa, akachomeka. Hakuna. Mzee Theoneste, ambaye gunia lake lilikuwa la kwanza, akaanza. “Kompyuta ya mtaalamu imeikataa mizani ya wakulima! Au inasubiri chai kwanza?”

“Mzee, shikamoo, nivumilie kidogo.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi nakuvumilia. Muulize na wingu.”

Watu wakacheka. Nyuma ya foleni alikuwepo Bi Anatolia, mama yake mzazi, amekalia magunia yake, hacheki.

Joanitha akafungua ukurasa ambamo kompyuta huandika matatizo yake. Ikasema imeona kifaa, haikijui. Ikataja namba.

“Niliitambua namba ile kama unavyotambua sauti ya mtu wako,” ananiambia, na sauti yake inashuka. “Ilikuwa ya draiva ile niliyoifuta.”

Hee! Katika dunia nzima, mizani iliyofungwa mdomo ni ya kijiji chake, na kahawa ya mama yake iko kwenye foleni!

Kwa bahati kompyuta yake bado ilikuwa na toleo la zamani pembeni. Akaizima, akaiwasha kwa hilo. Mizani ikasoma. Gunia la Mzee Theoneste likapimwa, la pili, la tatu, na matone ya kwanza yalipoanguka kahawa yote ilikuwa chini ya bati.

“Wakanipigia makofi,” anasema Joanitha. “Mimi! Mimi niliyeifuta.”

Melkiory akamshika mkono kwa furaha. “Ungejua, dada! Mizani kama hii iko hata Kanoni, iko hata Nkwenda kule Kyerwa. Zote zilikuja na gari moja.”

Tangu hapo mguu wake unatikisika. Kompyuta za huko leo zinafanya kazi. Lakini fundi fulani ataweka toleo jipya, pengine mwakani, pengine katikati ya msimu, na mizani itanyamaza. Watalaumu umeme. Watalaumu panya. Mlanguzi atasimama pembeni na mizani yake ya kuning’iniza, akitabasamu.

Jioni ile alimweleza mama yake, wakiwa mwisho wa kibanja. Bi Anatolia aliniambia mwenyewe walichosema.

“Nikamuuliza, si uliuliza kwanza? Akasema niliuliza. Wapi? Mtandaoni. Nikamwambia, Melkiory anasoma huko? Theoneste anasoma huko? Wewe ulipiga hodi nyumba ya jirani, ukasema kwetu hakuna mtu.”

Kisha akamwonyesha omulamula, ule mmea wa mpaka unaotenganisha kibanja chao na cha jirani. Hauliwi. Hauzai. Hakuna anayeuuliza hali. “Nikamwambia, huu nao ungeukata? Ungekata, ungeona watu ambao hujawahi kuwasikia wanakuja na mapanga.”

Jana Joanitha alimwandikia Marit akaeleza kila kitu. Na leo, nikiwa nimekaa naye hapa kibarazani, jibu linaingia. Anasoma, ananitafsiria.

Draiva inaweza kurudishwa, lakini toleo linafungwa Jumapili. Na draiva isiyo na mtu haipokelewi. Nani ataitunza? Halafu mstari wa mwisho: kuhusu mkataba, itabidi tuzungumze upya.

“Nikiandika jina langu,” anasema, “kila toleo jipya lazima niijaribu. Ikiharibika kwa mtu wa popote, ananiandikia mimi. Na mizani yenyewe sina!”

“Usipoandika?”

“Nisipoandika hakuna atakayejua hapa kijijini. Nakaa kimya, mkataba pengine unarudi.”

Kisha anachukua simu, anampigia Melkiory na kumweleza yote, kwamba draiva ya mizani ni yeye aliyeifuta. Simu ameiweka spika, na mimi nasikia.

“Kumbe ni wewe,” Melkiory anasema. “Na mimi nilikupigia makofi.”

“Nisamehe, kaka. Naomba niwe nakuja kuijaribu kwenye mizani yenu.”

“Njoo. Ila siku ya ununuzi usisogee hapa.”

Anakata simu. Anarudi kwenye kompyuta, mahali pa jina la mtunzaji. Anaandika: Joanitha Kokuhirwa, Ihanda. Kijiji hakihitajiki pale, wengine wote wameweka jina tu. Anabonyeza.

Mpango wake ni kwenda Kanoni, kisha Nkwenda, kuuliza mlango kwa mlango nani ana kifaa gani, kabla hajagusa folda nyingine. Mkataba hajui. Mpaka naondoka Marit hajajibu, Jumapili inakuja, na mguu bado unatikisika.

Sasa niambie wewe. Makofi umeshapigiwa, kazi ya ndoto iko mlangoni, na siri hapo kijijini unaijua wewe na mama yako tu. Ungeliandika jina lako pale?