Kitovu cha Salma

Usiku ule nililala na hasira. Tulikuwa tumegombana, mimi na binti yangu Zaina, kwa ajili ya kitovu. Mwanawe, Salma, alizaliwa huku ng'ambo, hapa Welisi, katika mji huu mdogo wa pwani, na mimi ndiye niliyeletwa kumlea. Kitovu kilipodondoka nilikikausha, nikakifunga kitambaani, nikakitia sandukuni nije nikizike kwetu Pangani. Miaka sita sasa. Zaina anataka kizikwe hapa. "Mama, kwao ndiko huku." Nikamwambia asinifundishe.

Basi nikamwona marehemu mama yangu. Yuko gulioni, hapa hapa mjini, na kanga yake ya kisutu, anabonyeza jibini kama anachagua papai. Muuzaji anamsemesha Kiwelisi, naye anajibu, wanacheka. Mama huyu hata Mombasa hakupata kufika. Nikamwita, hakugeuka. Akashika njia, nikamfuata, na njia ikawa mlima, ule tunaouona kwenye dirisha la jikoni. Kondoo wanatupisha. Upepo unanivua mtandio. Yeye anapanda pekupeku, mimi na mabuti yangu nahema.

"Mama, ningoje."

"Miaka sita umekaa. Leo ndiyo una haraka?"

Huko juu akapiga magoti akachimba kwa mikono. Anafukua hapa, anahama, anafukua pale, kucha zimejaa udongo mweusi. Hatulii.

"Unatafuta nini?"

"Kitovu cha mjukuu wako. Kila shimo tupu."

Nikamwambia kiko sandukuni, kinangoja Pangani. Akanitazama kama siku ile nilipounguza wali wa wageni.

"Mimi mtu wa wapi?"

"Makunduchi."

"Na chako nilikizika wapi?"

Alikizika Pangani, alikoolewa, alikonizalia, nyuma ya jiko.

"Hapa hakuna hata mnazi wa kukizika chini yake, mama," nikasema.

"Mawe huyaoni?" Akaanza shimo jingine. "Mwanao usimchoshe. Na mimi usinichoshe."

Nikaamka, mtandio uko sakafuni, miguu baridi. Kumekucha. Zaina yuko jikoni anampikia Salma uji, hanitazami. Nikafungua sanduku, nikaweka kile kifurushi mezani karibu na bakuli.

Sikumwambia kwamba ameshinda. Nilimwambia amvishe mtoto mabuti, atafute na koleo.