Alama za Mwalimu Ibrahimu

Tumbo la Praxeda lilikuwa na tabia ya kupata habari kabla ya mwenyewe. Asubuhi ile ya mtihani lilikataa chai, likakataa hata mkate wa kumimina, kitu ambacho hakijapata kukataliwa na mtu mwenye akili timamu. Mama yake, Mama Consolata, akamtazama anavyokizungusha kikombe mezani bila kunywa.

"Wewe unakwenda kufanya mtihani au kuzaa?"

"Bora kuzaa, mama. Kuzaa kuna mkunga."

Praxeda alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya fiziotherapia huko Dar es Salaam, na utafiti wake ulihusu wazee wanaoumwa magoti. Alirudi kwao Tanga kuufanya, katika hospitali ile ile alikoajiriwa kwa stashahada yake. Leo mtahini kutoka nje ya chuo angekaa kwenye kiti na kumtazama akimhudumia mgonjwa mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Akipita, amebakiza kuandika tu. Asipopita, anarudia mwaka, na mkuu wake wa kazi alishamwambia bila kupepesa macho kwamba ruhusa ya masomo haiongezwi. Maana yake angerudi kazini na stashahada ile ile pamoja na nusu ya shahada, na nusu ya shahada haina hata pa kuitundika ukutani.

Alizaliwa kambi ya mkonge, upande wa Muheza. Baba yake, mzee Ernesti, alikata mkonge mpaka akastaafu amekunjika kama kisu cha mfukoni, na pale kambini hakuna aliyeuita mgongo ule ugonjwa. Uliitwa mgongo wa mkonge, kama mtu anavyosema nywele za kipilipili. Praxeda alikuwa akimsugua baba yake kwa mafuta ya nazi tangu hajaanza shule, na huenda ndiko alikopatia wazo la kazi yake. Tatizo ni kuieleza. Shangazi zake wakiuliza anasomea nini, hueleza misuli, mishipa, viungo, jasho linamtoka, na mwisho wa yote wanaitikia kwa pamoja: "Aaa, kukanda!" Kisha mmoja lazima aongeze, "Na kukanda nako kuna uzamili?"

Basi kwa mtihani alimchagua Mwalimu Ibrahimu, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake inaweza kukata ndimu. Alimchagua kwa sababu hakuna mgonjwa aliyekuwa na namba nzuri kama zake. Kila wiki Praxeda alichukua alama za maumivu yake, sifuri mpaka kumi, sifuri maana yake hakuna kabisa. Wiki ya kwanza mzee alisema nane. Baadaye sita. Kisha nne. Wiki iliyopita, tatu. Ukizichora namba hizo zinateremka kama njia ya kutoka mlimani Amani.

Ila mwenzake wa kazi, Miraji, alikuwa ameshamtia mwiba.

"Umemchagua Mwalimu? Yule amenifundisha. Mpaka leo nikimwona najificha nyuma ya mlango."

"Wewe jifiche. Mimi ananipenda."

"Sawa, mpenzi wa Mwalimu. Lakini mbona anachechemea vile? Juzi kavuka geti, nikadhani anamsalimia mtu chini."

"Wazee huchechemea kwa mazoea, Miraji. Angalia namba."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Ndani yake lakini kule kuchechemea kulikaa kama mwiba wa samaki kooni. Kila kulipomjia, alikusukumia chini kwa namba: nane, sita, nne, tatu. Kulishuka, kukapanda tena.

Mtahini alifika mapema, kama wanavyofika watu wasiotakiwa. Aliitwa Daktari Nehemia, mtu wa maneno machache, na hayo machache yote ni maswali. Akaketi pembeni ya kitanda cha mazoezi, akafungua kalamu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mikono baridi leo?"

"Hali ya hewa tu, Mwalimu," akasema Praxeda, na nje jua la Tanga lilikuwa linakaanga mabati. "Haya, leo alama ngapi?"

Mwalimu Ibrahimu akamtazama yeye, akamtazama mgeni, akakohoa kikohozi cha mtu aliyeombwa kutoa siri ya nyumba mbele ya wakwe.

"Lazima niseme mbele ya mgeni?"

"Sema tu, Mwalimu, usione haya."

"Haya. Mbili."

Mbili! Kidogo Praxeda apige vigelegele. Daktari Nehemia akaandika, kisha akamwomba mzee asimame na achuchumae kidogo, kadiri atakavyoweza. Mwalimu akashika ukingo wa kitanda, akateremka shibiri moja, akakwama. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. "Yarabi!" akasema, na ikabidi wote wawili wamdake kwapani na kumrudisha kitandani.

"Mzee," akasema Daktari Nehemia, "si umesema mbili?"

"Nimesema."

"Mbili, na hali hii?"

"Kwani wewe kwa hali hii ungempa ngapi?"

Pangaboi lilisikika likihesabu.

"Kumpa nani?" akauliza daktari.

"Huyu binti. Si kila wiki ananiomba alama? Siku ya kwanza nilimpa nane, kwa adabu yake na kwa maelezo aliyoyapanga vizuri. Wiki ya pili mguu uko vile vile, nikashusha. Ya tatu vile vile, nikashusha tena. Nimemwonea huruma sana, mtoto wa watu, lakini mimi sijapata kumpa mtu alama za bure tangu naanza kazi."

Praxeda alitaka kuketi na kiti hakuwa nacho. "Mwalimu," akasema, "mimi nilikuwa nauliza alama za maumivu."

"Maumivu?" Mzee akashangaa kwa dhati. "Maumivu nayo yamefanya mtihani gani?"

Hapo Praxeda akalikumbuka swali lake lilivyokuwa refu kwenye karatasi ya utafiti, na alivyolinyofoa tangu siku ya kwanza kwa haraka ya foleni: maumivu yakaondoka, goti likaondoka, ikabaki "leo alama ngapi?" Na ukimuuliza mwalimu mstaafu alama ngapi, atakupa zako.

Daktari Nehemia akafunga kalamu. "Unataka tuishie hapa, au unaendelea?"

Kuishia hapo kulikuwa na jina, na jina lake lilikuwa kurudia mwaka. Kuendelea kulikuwa ni kuonekana hujui, mbele ya mtu aliyekuja kukutazama.

"Naendelea," akasema. "Ila naomba nianze upya, kama sijawahi kumwona."

"Anza."

Akamgeukia mzee. "Mwalimu, sahau alama. Nioneshe kwa mkono, panauma wapi?"

Mwalimu akagusa goti. Kisha mkono ukapanda pajani taratibu, ukakaribia kinena, ukasita, ukarudi haraka kana kwamba umeungua.

"Na huko juu?"

"Huko juu sikusema, mwanangu. Wewe ni binti. Nitakwambiaje mambo ya huko?"

Praxeda akamlaza. Akalikunja goti na kulikunjua, na mzee hata hakupepesa macho. Halafu akaukunja mguu mzima mpaka paja likasimama, akalizungushia ndani polepole. Halikufika mbali.

"Yalaa! Hapo hapo!"

"Ni nyonga," akasema Praxeda. Mikono yake, sasa tu, ilikuwa imepata joto. "Goti linalia tu, daktari, lakini anayepigwa ni nyonga. Anahitaji picha ya eksirei kabla sijamgusa tena."

"Na wiki zote hizo ulikuwa unatibu nini?"

"Goti zima," akajibu.

Mwalimu Ibrahimu akacheka kabla ya wote, akajishika paja kwa maumivu, akaendelea kucheka. Daktari Nehemia hakucheka.

"Wazee wengine waliomo kwenye utafiti wako je?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa uongo mdogo tu. Angeweza kusema hao walielewa vizuri. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, tena imenyooka.

"Sijui," akasema. "Sijui kama walikuwa wanapima maumivu au wananipima mimi."

Daktari akafungua tena kalamu. "Nitaandika kwamba mikono imepita na namba hazikupita. Rudi ukawaulize wote, swali zima bila kulikata, kabla ruhusa yako haijaisha. Kama muda hautatosha, hilo ni la kamati ya chuo. Mimi siwezi kukuahidi kitu."

Praxeda alipotoka nje alimpita Miraji aliyekuwa amesimama na nyusi zimepanda. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la kusubiria, kwa Bi Mwamvua muuza vitumbua, mmoja wa wazee wa utafiti wake, ambaye kila wiki bila kukosa alikuwa akisema tano.

"Shikamoo, Bi Mwamvua. Ile tano unayonipa siku zote, huwa unamaanisha nini?"

"Marahaba. Ile?" Bi Mwamvua akarekebisha ushungi. "Ile ni ya katikati, mwanangu. Nilisema nisikuudhi na nisikudanganye."

Praxeda akaketi kando yake. "Basi leo usinitajie namba. Nieleze tu, asubuhi ukiamka, unainukaje kitandani?"

"Nikueleze yote?"

"Yote."

Bi Mwamvua akajiweka sawa, akaweka mkoba wake chini, akaanza na goti la marehemu mama yake. Nyuma yake benchi lilikuwa limejaa wazee wengine wa kuulizwa.